Lenzi ya Kidevu Juu

Mtaa mzima ulimwita Kidevu Juu, maana hakuna aliyewahi kukaa kwenye kiti cha studio yake akanusurika na amri hiyo: "Kidevu juu kidogo, hapo hapo, usipumue!" Maisha yake yote alipiga nyuso za watu kwa karibu. Alipoifunga studio, alimwambia mkewe amechoshwa na nyuso, sasa anataka ndege. Ndege ukimsogelea anaruka, kwa hiyo ilibidi itafutwe lenzi ya kuvuta mbali.

Dukani, muuza kamera, binti mcheshi, aliwawekea yeye na mkewe lenzi mbili mezani. Moja ndefu, nzito kama mchi. Nyingine fupi na nyepesi, yenye kifaa ndani cha kutuliza mtikisiko.

"Hiyo fupi waachie wagonjwa," alisema Kidevu Juu, akaifunga ile ndefu kwenye kamera, akatoka nje kuijaribu, mkewe na binti wakamfuata na ile fupi.

Ukweli ni kwamba studio aliifunga kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Hakumwambia mtu. Aliogopa mkewe akijua, atamkalisha nyumbani na habari ya ndege itaishia hapo.

Juu ya mnara wa simu alitua kunguru. Kidevu Juu akalenga, akapiga. Pichani kunguru akatoka na vichwa viwili. Akarudia, safari hii hakutoka na hata kimoja.

"Upepo huu," alinung'unika.

Mkewe alitazama mti wa ng'ambo ya barabara. Hakuna jani lililocheza.

"Baba watoto, jaribu hii fupi."

"Nimesema siitaki."

"Ichukue tu. Mwaka mzima nakumiminia chai nusu kikombe isikuunguze, na hujaniuliza hata siku moja kwa nini."

Mzee wa watu aliona haya, haya ikapita, akabaki na furaha tupu, furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo. Akaipokea lenzi fupi, akaifunga kwenye kamera, akaiegemeza begani kwa mkewe, akapiga. Kunguru akatoka safi, hadi unyoya wa mwisho.

"Nifungie hii," alimwambia muuzaji.

"Na stendi ya kuegemezea, mzee wangu?"

"Ya nini? Bega si hili hapa!"

"Mpe stendi, mwanangu," mkewe aliwahi. "Huyu asinigeuze mti. Na mimi nataka zamu yangu ya kupiga."