Chaneli Sifuri

Televisheni yetu ya zamani, ile ya mgongo mkubwa, iliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu, na isingeweza kuchagua wiki mbaya zaidi ya ile. Waasi walikuwa wameingia mji wa kwetu, Kivu ya Kaskazini. Kaka yangu alikuwa huko. Ndiye aliyenilea baada ya wazazi kututoka, ndiye aliyenipakilia maharagwe kwenye malori niyauze kwa jumla hapa Kampemba, kusini mwa nchi, na simu yake ilikuwa haiiti kwa siku ya nne. Nilitaka kuiona kwenye habari, kwa macho yangu, barabara ya depo yake, ghala lake la maharagwe. Alikuwa akilala hapohapo depo. Kama depo imesimama, nilijiambia, na yeye yuko hai.

Mimi subira sina, na sijawahi kujifanya ninayo. Asubuhi na mapema nilishuka madukani Kamalondo nikanunua televisheni bapa. Muuzaji alitaka kunieleza uzuri wa rangi, nikamkata kauli, nikamuuliza kama itashika kable bila dekoda.

“Mama, kwa iyi akuna lazima ya dekoda,” akasema. “Iko na kila kintu mu tumbo yake. Unafunga tu mwaya, unaingia mu menu, unachagula kable, unaiacha itafute yeye peke. Usiiguse mpaka ifike mia.”

Mtaani kwetu Hewa Bora kable ilikuwa ya jirani mmoja, mzee mfanyabiashara, mtu wa Kivu kama mimi. Alikuwa na sahani kubwa juu ya paa lake, na kutoka kwenye kisanduku cha ukutani uani mwake waya zilitoka moja moja hadi kila nyumba, zikipita juu ya mabati na kamba za nguo. Chaneli zinakuja ndani ya waya zikiwa tayari, kazi ya televisheni ni kuzisaka tu. Nilimtuma mume wangu kwa mzee huyo kuazima koleo. Mume wangu ni mtu wa hapa, wa familia za zamani za mgodini, na kila jambo kwake lina salamu ndefu kabla yake. Alitoka saa tatu. Saa nne alikuwa hajarudi, na koleo hakuna.

Nikachukua kisu cha kumenyea viazi. Nilichuna ngozi nyeusi ya waya, nikakunja nyuma zile nyuzi nyembamba zinazozunguka, nikachuna plastiki nyeupe mpaka shaba ya katikati ikatokeza, nikahakikisha hakuna uzi unaoigusa, nikakaza kichwa chake nyuma ya televisheni kwa vidole mpaka vikauma. Kwa haraka zangu nikachagua antena badala ya kable. Ikanipa vituo viwili vya hapa mjini, kimoja mchungaji anahubiri, kingine tangazo la saruji. Nikarudi nyuma, nikachagua kable.

Namba zikaanza kupanda. Kumi. Ishirini na mbili. Niliketi, nikasimama, nikafagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Ilipofika mia ikaandika: chaneli sifuri.

Nikarudia. Sifuri. Nikafungua waya, nikakata kipande kilichochubuka, nikaanza upya. Sifuri. Nilimtukana muuzaji, nikamtukana aliyeiunda, nikamtukana na mume wangu aliyekuwa anakunywa chai ya watu wakati mimi napigana na ukuta.

Ndipo nikasikia, kupitia ukuta wa nyumba ya pili, sauti ya mtangazaji wa habari. Kwao ilikuwa inashika. Nikatoka uani nisikilize vizuri, na mara tu mlango wangu ulipolia, sauti ile ikapunguzwa. Mama wa nyumba hiyo akatokea kwenye ukuta, mikono ina povu.

“Mama, acha kwanza ile kazi,” akasema. “Kuya tukunywe chai.”

Miaka sita tulikuwa majirani na hakuwahi kuniita chai. Nilimjibu kwamba chai yake itaningoja, nikafunga kitambaa kichwani, nikaenda kwa mzee wa kable, kisu bado mkononi. Njiani nilikuwa napanga maneno makali, na nilikuwa na mengi.

Uani kwake wanaume walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, watu wa kwetu Kivu. Mume wangu alikuwa kati yao, kofia ameivua ameiweka kwenye goti. Hakuna aliyekuwa anakunywa chai. Nikatazama kisanduku cha ukutani. Waya wangu naujua, niliufunga mwenyewe kipande chekundu cha kitambaa cha kikwembe nisije nikaupoteza kati ya nyingine. Ulikuwa umefunguliwa, unaning'inia.

“Nani alifungua mwaya yangu?”

“Ni mie, dada,” mzee akasema. Alisimama kunijibu, na hilo lilinitisha kuliko jibu lenyewe. “Niliifungua asubuhi.”

“Juu ya nini?” nikadai sababu.

“Kaa kwanza. Tunangojea shangazi yako. Iko mu njia, anakuya.”

Kwetu mtu haambiwi msiba na yeyote tu, wala haambiwi peke yake. Anangojewa mkubwa wa damu yake, watu wanaketi, ndipo linasemwa. Mimi mwenyewe nimekwisha kukaa kwenye viti kama vile, kwa ajili ya wengine. Ndiyo maana sikuhitaji kuelezwa kwa nini kiti kimoja kilikuwa kitupu.

Nikamwuliza mume wangu kama depo ipo. Akatazama kofia yake.

“Ilionyeshwa jana mangaribi,” akasema polepole. “Inaungua. Leo asubuhi banatupigia simu.”

Jana. Mtaa mzima uliitazama jana depo ya kaka yangu ikiungua, kila nyumba na televisheni yake, na mimi nikasalimiwa na wote hao nilipokuwa nakwenda Kamalondo. Nilikasirika hasira ambayo haikuwa na mahali pa kwenda. Niliketi. Shangazi alifika saa nane, akanishika mikono yote miwili, akasema lililobaki kusemwa.

Siku arobaini televisheni ilikaa chini ya kitambaa. Zilipoisha, mzee alikuja mwenyewe na koleo, akafunga waya, tukatafuta, chaneli zikaja zote. Nilimshukuru kwa mdomo tu. Moyoni nilimnunia miezi mingi. Nilikuwa na haki ya kuona, nilimwambia mume wangu, macho ni yangu na kaka ni wangu.

Vita havikuisha. Masika yaliyofuata mzee alikuwa amekwenda mpakani kufuata mzigo wake, mkewe akaja kunigongea mchana. Walikuwa wamepigiwa simu. Mtoto wa kiume wa mama yule wa nyumba ya pili, aliyekwenda Kivu kufundisha shule, hayupo tena. Mjomba wao alikuwa njiani, na habari za mchana zilikuwa zimebakisha nusu saa. Waya za kisanduku mimi nilikuwa nazijua.

Waya wa mama yule ulikuwa wa nne kutoka juu. Niliufungua kwa vidole, ukatoka bila shida. Nikasaidia kupanga viti, kisha nikarudi kwangu nikaizima televisheni yangu, nikatoka uani nikasimama karibu na ukuta. Haikuchukua muda akachungulia, rimoti mkononi.

“Mama, kwako inashika? Ya kwangu inaandika tu sifuri.”

“Acha kwanza,” nikamwambia. “Kuya tukunywe chai.”