Mvinje wa Kuwekwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kitaluni Miyuji kabla jua halijachomoza, nikamkuta mnyapara ananingoja. Kitalu ni bustani ya kuoteshea miche. Aliniambia, "Hapa hutaulizwa umepanda mingapi. Utaulizwa mingapi iko hai." Kuotesha si kazi. Kazi ni maji, na sisi tuliyachota kwa madebe kutoka visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu. Nilimshukuru Mungu kwa ajira ile, na bado namshukuru, ingawa mabega hayajasahau.

Baadaye Bwana Misitu, Mwingereza aliyekuwa mkuu wetu, alinihamishia Haneti niwe mlinzi wa misitu. Huko wanakijiji walikuwa wamepanda mstari wa miti ya mivinje ya kukinga mashamba ya uwele na upepo unaobeba mchanga. Walipanda kwa amri, wakamwagilia kwa amri, na hawakuruhusiwa kukata hata tawi. Mzee Chilongani alipokata mvinje mmoja apate nguzo ya nyumba yake ya tembe, nilimpeleka barazani, kama sheria ilivyotaka. Akahukumiwa kupalilia kitalu cha serikali msimu wote wa kulima, na shamba lake likamezwa na magugu. Mkewe, Mama Sechelela, aliendelea kuitikia shikamoo yangu, lakini kigoda hakunipa tena.

Desemba iliyofuata Bwana Misitu alikuja na lori. Akautazama mstari, akaonyesha mvinje ulionyooka kuliko yote.

"Kata huu. Memsahibu anataka mti wa Krismasi."

Watu walisimama kando ya mashamba wakitutazama. Mimi nililelewa misheni, sikukuu ile ni yangu pia, lakini shoka lilinielemea.

"Bwana, Mzee Chilongani naye alikata mmoja tu."

"Unanifundisha sheria?"

"Hapana, Bwana. Nawaza nitaishije na watu hawa ukishaondoka."

Chilongani akasogea. "Mwache mgeni na sikukuu yake, mwanangu. Ila asikate. Autwae kama ng'ombe wa kuwekwa."

Bwana Misitu akauliza maana yake, nikamweleza. Kwetu mtu humweka ng'ombe wake kwa rafiki. Rafiki atamchunga na kumkamua, lakini hamchinji. Ng'ombe akifa, ngozi hurudishwa, ili mwenyewe ajue hakuliwa kwa siri.

"Na ngozi isiporudi?"

"Basi huyo ni mwizi," Mama Sechelela akajibu, akitazama pembeni. "Na Bwana si mwizi."

Watu wakacheka. Bwana naye akatabasamu kwa shida. Tukang'oa mvinje mchanga uliobanwa na wenzake, pamoja na udongo wake, tukautia kwenye debe.

"Maji asubuhi na jioni," Chilongani akamwambia. "Kama sisi."

Mwaka mpya ulipoingia, lori lilirudi. Mti ulikuwa umekauka, rangi ya kutu, na uzi mwekundu wa mapambo ungali umenasa kileleni. Bwana aliushusha mwenyewe.

"Tulisafiri," akasema. "Hakuna aliyeumwagilia. Nimeleta ngozi."

Chilongani aliupokea kwa mikono miwili. "Imefika."

Hakusema amesamehe, wala Bwana hakumwomba radhi kwa msimu ule uliopotea. Lakini Mama Sechelela aliingia ndani, akatoka na vigoda viwili. Kimoja kilikuwa changu.

Nilitumikia vituo vingine baada ya hapo, na mabwana wengine. Karibu kila Desemba amri ilikuwa ile ile, na sikumwona tena aliyeleta ngozi. Nilistaafu mgongo umepinda.

Siku hizi vijana wa kanisani huniuliza kama ni dhambi kukata mti kwa ajili ya kuzaliwa kwa Bwana. Nawajibu kwamba aliyeupanda ili aukate, kwa maji aliyoyabeba mwenyewe, na aukate kwa shukrani. Ila asikate kinga ya shamba la mwenzake na kuita hiyo ibada. Tena, hata huo wake, asidhani ni wake kabisa. Nchi hii na vyote viotavyo tumewekewa tu, na Mwenyewe yupo.

Miche niliyoipanda, mingi haipo tena. Mingine ilikufa kwa kiu mikononi mwangu, nikiwa sina maji ya kuipa. Nimechoka, na Mwenyewe ataniita hivi karibuni. Sina cha kujivunia mbele zake. Nitakwenda na ngozi.