Kofia ya Macaire

Macaire hakuvua kofia nyumbani kwa mtu ila kwa sababu moja. Kwenye harusi alikaa nayo, mezani alikaa nayo, na wageni wakamwona hana adabu. Sisi tuliomzoea tulijua. Ukifungua mlango ukamkuta kichwa wazi, kofia mkononi, basi umefiwa.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake katika Umoja wetu wa kuzikana kwa miaka kumi na tisa. Alitoka Burundi, akapitia kambi za wakimbizi Tanzania, akaishia kupanga mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, hapa Texas. Siku ya msiba aliomba ruhusa akaendesha gari: Fort Worth, Dallas, na ikibidi Houston, saa nne na zaidi barabarani. Hakutanguliza simu. Alibisha hodi, akaomba maji, akayashika bila kuyanywa, ndipo akasema. Maji yale yalikuwa yako. Mke wangu alinyweshwa hayo siku alipofiwa na dada yake. Sasa naye hayupo, na Macaire ndiye aliyezipeleka habari zake.

Wakati huo Umoja ulikuwa na watu katika miji saba ya Texas, Watanzania, Warundi, Wakongo na Wakenya, na Mzee Wilfred wa Sugar Land, kando ya Houston, alikuwa mwenyekiti bila kura. Hakuna aliyeiulizia kura. Kisha watu wakahama, wengine wakafa, watoto wakawa wanajibu kwa Kiingereza, miji ikabaki miwili. Hapo ndipo vijana walipoleta katiba. Mzee Wilfred akapumzishwa, ndilo neno walilotumia, na ibara ya tisa ikasema habari za misiba zitatolewa kwenye kundi la simu.

Mimi shule niliishia darasa la sita, lakini husoma vitabu ambavyo maktaba huviuza vikichakaa. Nilikuwa nimesoma habari za dola ya Waturuki ilipokuwa ikinyauka. Mwaka 1909 askari wa Istanbul waliasi, wakitaka serikali ya katiba iondoke na sheria ya kale irudi. Zikapita siku kumi na moja, jeshi likafika kutoka Salonika, likawazima. Nilijua mwisho wa mambo hayo. Hata hivyo niliingia kwenye uasi wetu.

Tulikuwa wazee watano, Macaire na Onyancha wakiwamo. Jumamosi moja tuliingia kwenye ukumbi wa kanisa tunapokutania, hapa Euless, tukatoa muhuri wa Umoja kabatini, tukaandika kwamba katiba imefutwa na Mzee Wilfred amerudi. Modestus, aliyekuwa karani wa mahakama kwao Bukoba, aliigonga karatasi mihuri mitatu. Alisema karatasi ya namna hiyo haipingwi. Tukaibandika mlangoni. Tukatawala siku nane.

Jumapili ya pili vijana walikuja kutoka Houston, magari manne. Katibu wao, Precious, ni muuguzi. Aliingia na sare zake za kazi.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba."

"Huo muhuri mnaugonga wapi? Orodha ya wanachama iko kwenye kompyuta tangu Januari."

Wenzake wakacheka. Modestus aliufunika muhuri kwa kiganja, kama mtu anayeficha karanga.

Macaire akasimama. "Mwanangu, mimi sina ugomvi na kura zenu. Hiyo ya tisa tu. Mtu akifiwa, aende mtu."

"Baba, mara ya mwisho ulipofika kwa mwenzetu Sheldon alikuwa ameshasoma kwenye simu tangu asubuhi."

"Alisomea wapi?"

"Kwenye gari, anakwenda kazini."

"Akiwa na nani?"

Nilidhani tumeshinda. Lakini Precious alipiga simu Sugar Land, akaiweka mezani tusikie wote. Mzee Wilfred alikohoa kwanza.

"Katiba niliisaini kwa mkono wangu," akasema. "Wazee wenzangu, rudisheni muhuri. Msinitie aibu."

Macaire aliishusha kofia mpaka kwenye nyusi. Hakuivua.

Tulisimamishwa wote watano na kutolewa kwenye kundi. Atakayesaini barua ya kuomba radhi angerudishwa. Wanne tulisaini. Mimi nilisaini kwa kuwa nilitaka kuzikwa na watu. Macaire alisema haombi radhi kwa kubisha hodi.

Mwaka huu, mwezi wa pili, simu yangu ililia nikiwa nimebandika chai. Picha ya mshumaa, na chini yake: Mzee Wilfred ametutoka. Nilikuwa peke yangu na sufuria. Maziwa yakamwagika yote.

Nilikwenda kuzika kwa gari la Ngugi, jirani yangu. Macaire sikumwona makaburini. Nikajiambia yuko kazini. Kila mmoja wetu alidhani mwingine amekwisha kumwambia, au ndivyo tulivyojidai. Siku ya tatu nilishika simu nimpigie, nikaona haya, yeye wa kupigiwa simu? Siku ya tano haya zikazidi.

Siku ya kumi na moja Macaire aliendesha mpaka Sugar Land kumpelekea Mzee Wilfred ndizi za kupika, kama ilivyokuwa desturi yake. Ndeshi, binti wa marehemu, ndiye aliyemfungulia. Yeye ndiye aliyenisimulia baadaye.

"Baba Macaire," alimwambia, "hata kwenye mazishi hukuja?"

Macaire aliziweka ndizi chini taratibu. Akaomba maji. Akayanywa yote.

Saa kumi jioni siku hiyo hiyo mlango wangu ulibishwa. Kichwa wazi, mvi zimelowa jasho, kofia mkononi.

"Naomba maji, kaka."

Nikampa. Akayashika.

"Mzee wetu Wilfred ametutoka."

Nilikaa chini. Sikuwa naigiza.

"Lini?" nikauliza.

"Siku nyingi. Wamekwisha kumzika." Akaniwekea bilauri mkononi. "Pole sana. Nimeanza na wewe."

Alingoja mpaka nikamaliza kunywa. Kisha akauliza anayefuata ni nani, Modestus au Onyancha. Nikasema Modestus yuko karibu, ila anawe uso kwanza, ametoka mbali. Niliposikia bomba la bafuni limefunguliwa, nilichukua simu.

"Macaire anakuja kwako," nikamwambia Modestus. "Ukifungua mlango, usijue."