Nafasi ya Shangazi Kwenye Bodi

Harufu ya majani ya nyanya haitoki kwa sabuni. Ukishinda shambani ukivunja vichipukizi, vidole vinakuwa vya kijani, halafu vinakuwa vyeusi, na jioni ukila ugali unasikia uchungu wake kwenye kila tonge. Siku hizi naishi Mbeya mjini na nyanya nanunua sokoni kama watu wengine, zimeshaoshwa na kupangwa mafungu. Lakini mara mojamoja muuzaji huziacha na vikonyo vyake, nami huvunja kimoja na kukinusa palepale mbele ya wateja. Mwanzoni alikuwa ananitazama kwa wasiwasi, sasa amenizoea. Hajui kwamba nikikinusa kikonyo kile naiona milima ya kwetu, juu kidogo ya Ilula, mwaka ule nilipokuwa darasa la tano na serikali ilipokuja kutujengea chuo cha kilimo.

Wazazi wangu walikuwa Mgololo, baba akifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi, na mimi nililelewa na dada yake, Shangazi Twilumba. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya mto bila kusimama, na hakuwa na subira na mtu mvivu, mbuzi wala mvua ya kuchelewa. Nyumba yetu ilitazama bonde, na bondeni ndiko kulikuwa na vinyungu, yaani vile vishamba vya kwenye unyevu ambavyo watu wa kwetu hulima kiangazi, wakati milima yote imekauka na kuwa rangi ya kahawia. Kila mama alikuwa na kinyungu chake. Asubuhi za Juni, baridi ikiwa inauma hadi kwenye meno, tulikuwa tunashuka tumejifunika mablanketi, na ukungu ulikuwa mzito hata wanawake walisalimiana bila kuonana. "Kamwene!" inatoka huku, "Kamwene!" inajibiwa kule, na kila mtu akijua ni nani kwa sauti yake tu. Nguo zangu za shule, daftari, mafuta ya taa, vyote vilitoka kwenye kinyungu kile. Nasema hivi ili ieleweke kwamba bonde halikuwa mandhari ya kupendeza tu. Lilikuwa ndilo tulilokula.

Basi akaja ofisa mmoja kutoka mjini, kijana mwenye heshima na viatu vyekundu kwa vumbi, akaitisha mkutano wa kijiji kwenye uwanja wa shule. Akaeleza kwamba serikali inatafuta mahali pa kujenga chuo, vijana wasome kilimo na ufugaji, na kwamba mlima wetu umeonekana unafaa. Wazee wakauliza maswali mengi, wanawake wakauliza moja tu: bonde je? Ofisa akajibu kwamba kinachotakiwa ni mlima. Watu wakaridhika, maana mlima ule ulikuwa wa mawe na majani ya kuezekea, nao wakakubali kuutoa. Ndipo ofisa, kwa furaha yake, akatamka maneno yaliyotuletea vicheko na machozi. Alisema, "Na kwa kuwa ninyi ndio mmetoa ardhi, kijiji kitapewa nafasi moja kwenye bodi ya chuo. Chagueni mtu wenu."

Uwanja mzima ulipiga makofi na vigelegele. Sasa, msomaji, lazima ujue kwamba kijijini kwetu neno bodi lilikuwa na maana moja. Bodi ilikuwa ile sehemu ya nyuma ya lori, pale unapopandisha magunia na kukaa juu yake. Kwa miaka mingi shida yetu kubwa ilikuwa usafiri. Malori hayakupanda hadi kwetu, na matenga ya nyanya tulikuwa tunayateremsha kwa kichwa hadi barabara kuu. Kwa hiyo watu waliposikia chuo kitakuwa na bodi, na bodi itakuwa na nafasi ya kijiji, walielewa kilichowafaa. Mwenyekiti wa kijiji mwenyewe alikataa kuchaguliwa, akasema mgongo wake hauwezi mitikisiko. Mzee mwingine akapendekezwa, akasema yeye huko mjini hana anachokwenda kufanya. Mwishoni mama mmoja akasimama akasema tuache kupoteza muda, mwenye mzigo mkubwa kuliko wote ni Twilumba, na tena hatapiki kwenye gari. Shangazi akachaguliwa kwa makofi. Ofisa alifurahi kupita kiasi, akatusifu mbele ya watoto wa shule kwa kuwa kijiji cha kwanza kumwamini mwanamke.

Majengo yalipoanza kupanda mlimani, siku moja pikapu ya chuo ikaja kumchukua mjumbe wetu. Bodi ingekutana Iringa mjini, kwa kuwa ukumbi wa chuo ulikuwa bado hauna paa. Shangazi alikuwa tayari tangu alfajiri, amekaa juu ya tenga moja kati ya matenga yake matano, na mimi pembeni, maana shule zilikuwa zimefungwa na alihitaji mtu wa kulinda mzigo. Dereva, mzee mpole wa kutoka Njombe, alishuka akamfungulia mlango wa mbele. Shangazi akamtazama kama mtu anayetaka kumwibia.

"Hapana, baba. Mimi nafasi yangu ni kwenye bodi."

"Lakini mama, mbele ndiko kuna kiti."

"Hicho kiti wamepewa wengine. Sisi tumepewa bodi, na mkutano wote ulisikia. Nisaidie kupandisha tenga."

Dereva akapandisha. Tukaenda hadi Iringa tumekaa nyuma, upepo ukitupiga, Shangazi akiwapungia watu wa kando ya barabara kama vile gari zima la serikali ni lake. Nilikuwa sijawahi kumwona amefurahi vile. Tulipopanda ule mlima wa kuingia mjini, alinishika bega akaniambia nitazame chini, nione dunia ilivyo pana.

Pale ofisini alidhani tunapita tu kusalimia. Tulipoingizwa kwenye chumba chenye meza ndefu na watu waliovaa tai, aliona haya kutoka bila kuonyesha adabu, akaketi mwisho kabisa na mimi nikakaa kwenye benchi karibu na mlango. Waliongea kwa muda mrefu kuhusu mabweni, idadi ya walimu, na nani awe na mamlaka ya kufukuza mwanafunzi. Walibishana hata jinsi ya kuchinja ng'ombe wa chuo akivunjika mguu, kama mkuu wa chuo aamue mwenyewe au asubiri bodi ikutane, na ng'ombe asubiri naye. Nilisinzia. Shangazi hakusinzia, alikuwa anatazama dirishani, akiona jua linavyopanda na akijua nyanya zake ziko nje zinaiva zaidi ya kiasi. Mwishowe akavumilia hadi akashindwa, akanyoosha mkono kama tulivyofundishwa shuleni, kuomba ruhusa atoke. Kwa bahati mbaya, saa ileile mwenyekiti wa bodi alikuwa amesema wanaokubali uzio wa chuo ufike hadi mtoni, kule bondeni kwetu, wanyooshe mikono. Akahesabu, akatabasamu kwa kumwona mama wa kijijini naye yumo. "Asante sana, mama," akamwambia. Shangazi akachukulia kwamba ameruhusiwa. Akapiga goti kidogo kwa heshima, akanishika mkono, tukaenda zetu sokoni. Nyanya zikaisha zote kabla ya adhuhuri, na njiani alininunulia maandazi.

Nguzo na seng'enge vililetwa kiangazi kilichofuata. Tulishuka bondeni asubuhi tukakuta mafundi wanachimba mashimo katikati ya vinyungu, wengine wamekanyaga miche. Kina mama wakawazunguka kwa makelele. Mafundi hawakuwa watu wabaya, walijibu tu walivyoambiwa, kwamba bodi imepitisha na mjumbe wa kijiji mwenyewe alinyoosha mkono. Kila mtu alimgeukia Shangazi, naye alikuwa amesimama na jembe lake begani.

Jioni ile hakuna aliyekuja kuomba moto nyumbani kwetu. Kesho yake kwenye ukungu alisalimia "Kamwene!" na sauti yake ikaenda peke yake bondeni, bila jibu. Nililia. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kwamba watu wa kwetu wakikunyima salamu wamekunyima kila kitu. Shangazi hakulia mbele yangu. Alinikalisha jikoni akaniuliza taratibu, "Wewe ulikuwepo, mwanangu. Ule mkono niliunyoosha kwa nini?" Nikamwambia aliomba ruhusa, kwa ajili ya nyanya. Akaitikia kwa kichwa, kama alihitaji tu mtu mwingine aseme.

Alipanda mlimani kumtafuta dereva wa pikapu, ndiye mtu pekee wa chuo aliyemwamini, akamuuliza bila kuzunguka bodi ni kitu gani. Yule mzee alijizuia asicheke, nilimwona. Akamweleza kwamba kuna bodi ya gari na kuna bodi ya watu, na hii ya watu ndiyo inayokisimamia chuo, ndiyo inayoamua mipaka na matumizi, na hata mkuu wa chuo huenda kujieleza mbele yake.

"Kumbe yule mkuu wa chuo anatakiwa aniogope?" Shangazi akauliza.

"Akuogope kidogo, mama. Siyo sana."

Tuliteremka mlima, na katikati ya njia akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa chini kwenye majani. Halafu kicheko kikageuka, akajifuta macho kwa kanga, akasema tuwahi nyumbani.

Mkutano wa pili hakubeba tenga hata moja. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akafunga kilemba, na dereva alipomfungulia mlango wa mbele, akaenda kupanda nyuma vilevile. Nilimuuliza kwa nini, wakati sasa anajua. Akasema kijiji kilimtuma kwenye bodi, na yeye angefika akiwa kwenye bodi. Mimi nilikwenda naye kwa sababu, alivyodai, nilikuwa shahidi wa nyanya.

Mwenyekiti alipouliza kama kuna marekebisho ya kumbukumbu za mkutano uliopita, Shangazi alisimama. Wengine walikuwa wanaongea wamekaa. Akasema, "Waheshimiwa, ule mkono wangu ulikuwa wa nyanya." Akaeleza yote, lori na tenga na jua la dirishani, na wale watu wa tai walicheka, hata mwenyekiti alicheka. Yeye hakucheka. Aliwasubiri wamalize, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, "Kijiji kilitoa mlima. Bonde hakikulitoa. Mimi nimekula bonde lile, na huyu mtoto amekula. Sasa wenzangu hawanisalimii, kwa sababu ya mkono huu. Kama ndio uliofunga bonde, basi naomba mnirudishie mkono wangu." Na akaunyoosha mbele yao, kiganja juu, wenye weusi wa nyanya usiotoka kwa sabuni, akauacha hivyohivyo.

Hakuna aliyecheka tena. Mwenyekiti alivua miwani akaifuta, akavaa, akavua tena. Mkuu wa chuo alijaribu kusema kwamba wanafunzi watahitaji maji, na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana walibishana hadi njaa ikaniuma. Mwishowe wakakubaliana nguzo zirudishwe hadi chini ya mlima. Sehemu ya juu ya bonde, karibu na chemchemi, ilibaki ndani ya uzio, na waliokuwa wanalima pale walipewa vishamba mahali pengine, visivyokuwa vizuri kama vya zamani. Wanafunzi wangeshuka kujifunza bondeni kwa kuomba kwa wenye vinyungu. Hatukupata vyote. Lakini kesho yake asubuhi Shangazi alisimama kwenye ukungu, akasita kidogo, akaita "Kamwene!" na bonde zima likamjibu kwa pamoja. Aliinama haraka kuanza kulima ili nisimwone uso.

Alikaa kwenye bodi ile miaka mingi, akazeeka nayo. Wakuu wa chuo walikuja na kuondoka, na wote waliambiwa mapema na dereva kwamba yule mama asilazimishwe kukaa mbele. Siku hizi, nasikia, wajumbe wana digrii na wanakutana kwa kompyuta, kila mmoja akiwa kwake, na nafasi ya kijiji inashikwa na mtu wetu anayeishi Dar es Salaam. Ni mtu mzuri, msomi. Hakuna tena anayekosea maana ya neno bodi. Chuo kimekua, kina maghorofa na taa, na vijana waliosoma pale nawakuta hadi huku Mbeya wakiwashauri wakulima, nami najivunia kama vile niliwazaa. Lakini sijui ni yupi kati ya wajumbe hao angeweza kumwita jirani yake kwa sauti tu, kwenye ukungu.

Shangazi alipofariki katika hospitali ya Iringa, chuo kilituma gari kumrudisha nyumbani. Ilikuwa pikapu, mpya na kubwa. Tulipandisha jeneza nyuma, na dereva, kijana ambaye hakumjua, akanifungulia mlango wa mbele kwa heshima zote, akanionyesha kiti. Nilikuwa nimevaa viatu vya mjini na gauni jeusi la kubana. Nikamwambia asante, mwanangu, akae nacho. Akasema njia ina vumbi, mama, utachafuka. Nikavua viatu, nikamshika bega, nikapanda nyuma nikakaa kando ya Shangazi.

"Nafasi yetu," nikamwambia yule kijana, "ni kwenye bodi."