Mkebe kwa Geti ya Kogo

Ilianza Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi, nikiwa darasa la sita. Enzi zetu hizo, kama wa Fomu Tatu anaruhusiwa kusema hivyo, watoto wa kijiji chetu nje ya Eldoret tulishinda mashambani mpaka miguu ikawa rangi ya udongo. Binamu yangu Nafula, aliyesoma chuo kikuu huko Kesses, alikuja na simu ya kuonyesha namba za mahali ulipo, akatufundisha mchezo. Unaficha mkebe wenye kadaftari, unawapa wenzako namba, wanautafuta, wakiupata wanaandika majina.

Nilichaguliwa kuficha kwa sababu sikuwa msemaji. Hata rejista niliitikia kwa kuinua mkono. Nikaupenyeza mkebe wa kakao chini ya ua wa Kogo, nyanya Mkalenjin jirani yetu, karibu na geti. Kuomba ruhusa? Na mdomo gani?

Nilisahau tulikuwa tumerudi juzi tu kutoka kambi ya wakimbizi. Wakati wa vita vya uchaguzi watu waliamka wakakuta alama kwa mageti, na jioni nyumba zenye alama zikachomwa. Tangu hapo Mama alikuwa na wimbo mmoja: “Kitu hukijui, usiguse. Rudi nyuma, ita mtu mzima.” Kumbe majirani wote waliujua.

Saa sita nikasikia makelele. Watu walikuwa wamesimama mbali na mkebe, Wakalenjin upande huu, sisi Waluhya upande ule, wakiangaliana. Mama alikuwa ameanza kutazama nyumba yetu vile aliitazama ile siku tulihama.

“Nani ameweka hii kitu kwa boma yangu?” Kogo akauliza.

Nikainua mkono. Hakuna aliyeniona. Ikabidi niseme.

“Ni mimi, Kogo. Ni mchezo.” Nikaufungua mbele yao: kadaftari, kalamu, peremende mbili.

“Kumbe huyu huongea,” Kogo akasema, na watu wakacheka, pande zote mbili. “Na geti hukuiona? Mwizi ndiye hupita kwa ua. Mtoto huita hodi, anakunywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, halafu anaomba.”

Basi nikaomba. Akakubali, lakini tusikanyage mahindi, tusiruke seng'enge, tusikaribie ile nyumba iliyochomwa, maana shimo la choo liko wazi. Na mkebe uandikwe juu, herufi kubwa: MCHEZO WA WATOTO. Mahali alichagua mwenyewe, kwa nguzo ya ghala, na jina la kwanza kwenye kadaftari likawa lake.

Siku hizi wadogo zangu wanashinda kwa simu. Michezo yao haiwalazimu kuomba ruhusa ya mtu, na majina ya majirani hawayajui. Nawahurumia kidogo.

Lakini kesho yake ile Jumamosi, asubuhi kabla ya kanisa, niliandika maneno yale yale juu ya mkebe wa pili, nikaenda kwa geti ya Mzee mwenye mbwa watatu. Nikaita hodi. Hakusikia. Nikaita tena, kwa nguvu.