Bibi wa Taa Afika Nyumbani

Kila nilicho nacho Kigali nimekipata kwa jasho langu. Nilivuka mpaka kutoka Karagwe na begi moja na stashahada ya umeme, na leo nina nyumba Kicukiro ambayo nyaya zake zote nimezitandaza mwenyewe. Kwa hiyo mama yangu alipokuja kutibiwa mtoto wa jicho, hakufikia kwa jamaa. Alifikia kwangu, akakaa kwenye kochi mbele ya televisheni ambayo hakuna jirani aliye nayo.

Hapo ndipo aliponaswa na tamthilia ya binti mfalme aliyegeuzwa paa na mchawi. Ilikuwa ya Kiingereza, lakini tuliinunua ikiwa agasobanuye, yaani msimulizi wa hapa mjini ameweka sauti yake juu ya sauti za waigizaji, anaeleza kila kitu kwa Kinyarwanda, ambacho sisi wa mpakani tunakielewa, na kutia utani wake. Mama alikuwa haoni zaidi ya rangi zinazopitapita. Msimulizi ndiye alikuwa macho yake. Aliyempenda kuliko wote ni ajuza mwenye taa, anayemfuata yule paa porini. Msimulizi alisema ni bibi yake, anamtafuta amrudishe nyumbani.

Siku moja kabla ya upasuaji, sehemu ya mwisho ilikuwa bado haijasimuliwa.

"Basi daktari anisubiri," mama akasema. "Siguswi jicho kabla sijajua kama bibi kafika."

Nilijua ni woga. Alishaahirisha mara moja, na jicho lilikuwa linazidi kuziba.

"Mama, una mwana msomi, halafu unamngoja msimulizi wa dukani?"

Nikaitafuta ile ya Kiingereza chenyewe, na mchana huohuo nikaketi kando yake nikisimulia kwa Kiswahili chetu cha Karagwe. Kiingereza changu si cha kubahatisha. Kila neno nililipata.

Ndiyo maana nililipata pia lile ambalo msimulizi wetu hakuwahi kulisema. Ajuza alivua kofia ya joho lake, akasema yeye ni mpelelezi wa mchawi. Hakuwa bibi wa mtu. Muda wote alikuwa anamfuata paa ili amuuze. Kisha akageuka jiwe, taa mkononi.

Mama alinishika mkono. "Bibi yuko wapi sasa?"

Mke wangu, ambaye Kiingereza anakijua vizuri, alinikazia macho.

"Amefika mlangoni," nikasema. "Anaweka taa chini. Mjukuu amekuwa mtu tena, anamkumbatia."

"Bibi analia?"

"Kidogo tu."

"Kumbe diploma ya umeme inafundisha na haya," mke wangu akanong'ona.

"Mwache mumeo aseme," mama akamkatiza.

Kesho yake asubuhi alitangulia kwenye gari kabla yangu.

Bendeji ilipotolewa, cha kwanza alichokiona kwangu alikikosoa. "Rangi gani hii ya ukuta, baba? Kama wodi!" Cha pili akaagiza: "Niwekee ile ya mwisho. Nataka kumwona bibi kwa jicho langu."

Ningeweza kusema imefutika. Lakini mimi si mtu wa kukimbia televisheni niliyoinunua mwenyewe. Nikaiwasha, nikaketi palepale, nikasimulia kama mwanzo, hadi ajuza akawa jiwe.

"Hapo amekaa, anapumzika," nikasema.

Mama akasogea mbele, akalitazama lile jiwe kwa muda mrefu.

"Amepumzika kwelikweli. Hata hapumui."

Mke wangu akakimbilia jikoni, kicheko kimemjaa mdomoni.

"Safari ilikuwa ndefu, mama."

"Nimeona." Akajiegemeza kwenye kochi, macho bado yako kwenye kioo. "Haya, endelea, baba. Wewe unasimulia vizuri kuliko yule."

Nikapandisha sauti juu ya Kiingereza chao, nikamwinua bibi, nikamfikisha nyumbani mara ya pili.