Anawafundisha Wenye Cheti, Yeye Hana

Saa tatu asubuhi, katika hospitali moja ya misheni kando ya barabara ya Busia kwenda Malaba, Roselida Adoyo amemlaza mama mmoja kwa ubavu wa kushoto. Mkono mmoja umeshika kichwa, mwingine unafuta mate. Daktari mpya anapitisha kooni mrija mweusi wenye taa, achungulie tumbo.

"Meza, mama. Pumua na pua. Nishike nguo, usiachie," Roselida anamnong'oneza.

Ni mwaka wa sita sasa, tangu 1972 daktari mgeni alipouleta mrija huo. Ndiye aliyemfundisha Roselida kutia koo ganzi, kuuosha mrija, na kusoma uso wa mtu asiyeweza kusema. Kisha akarudi kwao. Hakuacha hata barua ya kuthibitisha mafunzo hayo.

Mwaka 1975 ilitokea nafasi moja ya kozi ya mrija huo Nairobi. Roselida aliomba. Akapelekwa Paulinus Ochom, muuguzi mwenye miezi minne kazini.

"Niliambiwa mama wa watoto watano atakaa darasani namna gani," anasema. "Paulinus akarudi na cheti. Kushika mrija, nilimwonyesha mimi."

Hilo amelimeza. Lisilomezeka ni la Machi mwaka jana.

Aliletwa mzee Okedi, mchuuzi wa ng'ombe wa Malaba, aliyeshindwa kumeza hata uji. Mrija ulipofika kifuani ukakwama. Roselida akaona jasho likimtoka mzee, vidole vikijikunja.

"Nilisema, 'Daktari, toa.' Akaniambia, 'Sista, wewe shika kichwa.' Nikashika."

Daktari aliyekuwapo wakati huo akasukuma. Njia ya chakula ikatoboka, na siku ya tatu mzee akafariki. Ripoti ikasema muuguzi hakumshika mgonjwa sawasawa. Roselida akapewa barua ya onyo. Daktari akapandishwa cheo, akahamia mjini.

"Mjane wa mzee tunakutana sokoni. Hanisalimu. Na mimi nimwambie nini? Kwamba niliona, nikatii?"

Siku hizi, kila Jumamosi, anawafundisha kazi ya mrija wauguzi wawili wapya wenye cheti, Jentrix na Phelister. Hakuna aliyemtuma.

Mwezi huu ameomba kozi tena. Ana miaka arobaini na minne. Mwakani umri wa kukubaliwa kozini utakuwa umempita.

"Wakininyima, nitabaki hapa hapa," anasema, akivua glavu. "Lakini siku nitakayosema toa, na daktari asitoe, nitauvuta mwenyewe. Waniandikie barua nyingine."